Nepi za Safari

Safari ya kwanza ya Robi na mtoto mgongoni iliishia kwa aibu, na aibu yenyewe aliibeba kwenye mfuko.

Robi ni mwanamke wa Kerende, na kazi yake ni kuuza vyombo vya plastiki minadani: mabeseni, ndoo, majagi, makopo ya kuogea, na vile vibeseni vidogo vya kunawia mikono ambavyo kila nyumba inavyo na hakuna anayekumbuka vilinunuliwa lini. Mzigo anauchukua Tarime mjini, anaupanga nyumbani, na siku za mnada zikikaribia anapanda pikapu pamoja na wafanyabiashara wenzake kwenda upande wa Serengeti. Huko wanamwita Mama Mabeseni. Alianza kazi hiyo kabla hajaolewa, akaendelea nayo alipoolewa na Machage, akaendelea nayo akiwa na tumbo lililomtangulia kila mahali. Alipojifungua mtoto wa kiume, wakamwita Brayan, alikaa ndani miezi ambayo mzazi anatakiwa kukaa, kisha akaanza kuitazama barabara.

Si kwamba nyumbani palimchosha. Machage alikuwa akifanya vibarua vya machimboni, vibarua ambavyo leo vipo na kesho havipo, na bati la nyumba yao lilitokana na mabeseni. Lakini hata bati lisingekuwepo, Robi angekwenda. Alipenda kelele za mnada, alipenda kupanga mabeseni kwa rangi mpaka watu wasimame bila kutaka, na alipenda kuitwa kwa jina la kazi yake na watu asiowajua. Kuna watu wameumbwa kwa ajili ya kukaa na kuna watu wameumbwa kwa ajili ya kwenda, na hakuna dawa.

Basi katika safari ile ya kwanza alinunua pampasi dukani, kama wafanyavyo kina mama wa siku hizi. Pampasi ni kitu kizuri, tusizisingizie. Unamvalisha mtoto, unapanda gari, unauza, humkumbuki mpaka awe mzito. Tabu inaanza ukishaivua. Kwa watu wa kwao Robi, choo cha mtoto hakitupwi ovyo kwenye ardhi ya wengine, maana hujui nani atakiokota na anakitakia nini. Kwenye choo cha shimo cha mwenyeji wako huwezi kuitumbukiza, kitajaa na wewe ndiye utakayetajwa. Na kuichoma moto, hapo ndipo penyewe: ukiichoma, mtoto aliyeivaa anaungua matako huko aliko. Nesi atakwambia si kweli. Robi mwenyewe, aliyefika kidato cha nne, atakwambia si kweli. Lakini mpe kiberiti na pampasi ya Brayan uone kama atakiwasha.

Kwa hiyo hakutupa, hakutumbukiza, hakuchoma. Alizikunja moja moja, akazifunga kwenye mfuko, akarudi nazo. Mfuko ukakaa juani juu ya pikapu tangu asubuhi, ukavimba, na walipokuwa wanapanda mlima wa mwisho kabla ya Nyamongo ukapasuka. Kulikuwa na wachinjaji kwenye gari lile, watu wazima walioshinda kutwa wakichuna ng'ombe, nao waliziba pua. Dereva, kijana mmoja anayeitwa Jackson, alisimamisha gari akateremka kuuliza ni nani aliyebeba mzoga. Robi aliangalia milima kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Nyumbani, mama mkwe wake alimpokea mtoto, akamlaza mapajani, akamfungua. Alitazama kwa muda mrefu kuliko Robi alivyopenda. Matako ya Brayan yalikuwa mekundu kama nyanya, na kwenye mikunjo ya mapaja ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Umemfunga mtoto nailoni kwenye jua hili," alisema. "Huyu ni mtoto au ni nyama ya buchani?"

"Ni vipele tu, mama. Vitaisha."

"Vitaisha, ndiyo. Sasa nisikilize. Kazi sikukatazi, nani atakukataza wewe? Nenda safari nyingine, na uende na nepi za kitambaa kama tulivyofanya sisi. Akirudi mzima, sina neno. Akirudi na matako mekundu tena, mtoto anabaki hapa na mimi, wewe nenda na mabeseni yako. Maziwa ya ng'ombe yapo."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Robi. Mama mkwe wake, Gati, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kugomba. Neno alilisema mara moja, halafu akaendelea kupepeta ulezi wake, na wewe ubaki nalo. Usiku huo Robi alimnyonyesha Brayan akimshika kidole kimoja kimoja. Kumwacha mtoto nyuma, arudi amkute amezoea kikombe na mgongo wa mtu mwingine! Na kuacha kazi vilevile hakuweza. Alilia kidogo, kwa siri, ili Machage asiamke akaanza kutoa ushauri.

Nyumba ile, nisisahau kusema, ilikuwa na kichekesho chake. Machage, mwanamume mwenye ndevu na mke, alimwita mama yake mzazi kwa jina. Si "mama", bali "Gati". "Gati, kuna chakula?" "Gati, umeona shoka langu?" Robi alipoolewa na kulisikia mara ya kwanza alishika mdomo, maana kwao mtu akimwita mama yake hivyo anatafutiwa wazee wa kumkanya. Lakini Gati alijibu tu, "Kipo, mura," yaani kijana wangu, au "Liangalie mlangoni." Majirani walishazoea, wakicheka. Na Robi naye alizoea, akawa anacheka kuliko wote.

Sasa ikawa kazi ya nepi. Robi alikwenda Tarime kwenye mitumba, akachambua mpaka akapata mashuka ya fulana, yale mazito yenye manyoya laini, akayakata. Gati alisema yeye hatasaidia, asije akalaumiwa baadaye, lakini alikaa kwenye kigoda pembeni na mdomo wake haukutulia. "Huyo unamfunga au unamnyonga?" "Pini hiyo ikifunguka itaingia wapi, umeuliza?" Hivyo ndivyo Robi alivyojifunza jambo ambalo hakuwahi kulijua: kwamba nepi ya nyumbani na nepi ya safari ni vitu viwili. Ya nyumbani ni kitambaa kimoja tu. Mtoto akilowa unambadilisha hapo hapo, unaifua, inakauka upesi. Ya safari ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja kwa mkono, kwa sababu mtoto atakojoa gari likiwa porini na dereva hatasimama kwa ajili yako. Nepi nene inakauka kwa tabu, na aliye nyumbani hajisumbui nayo. Robi alishona nene kadhaa, akaongeza nyembamba mbili tatu za akiba.

Tena kulikuwa na sharti la Gati ambalo halikuwa na mjadala: jua likizama nepi iwe ndani. Nepi ya mtoto hailali nje.

Vingine Robi aliviweka sawa kwa akili yake ya biashara. Ndoo yenye mfuniko ikawa ya nepi chafu, haitoi hata harufu ya kusingiziwa. Beseni la kufulia alilichagua jekundu, akalikata ukingo kwa kisu, maana aliwaza: mteja akiniona nafua nepi kwenye beseni linalofanana na ninayomuuzia, nitakula mabeseni yangu mwenyewe. Na za kukausha njiani alizifunga ndani ya kipande cha chandarua chakavu, akakibana juu ya mzigo. Upepo unapita, nzi hapiti, na vumbi linapungua.

Siku ya safari Jackson alizunguka pikapu yake mara mbili akinusa.

"Mama Mabeseni, leo hujabeba mzoga?"

"Leo nimebeba bendera, mura. Endesha."

Na kweli, walipovuka Mto Mara na kuingia upande wa Serengeti, chandarua kilikuwa kimejaa upepo juu ya mabeseni, cheupe, kikipigapiga, na watoto wa njiani wakakipungia mkono. Brayan alikojoa mara nyingi kuliko umri wake unavyoruhusu. Kila mara Robi alimgeuza mapajani, akachomoa, akafuta, akafunga, pini midomoni, gari likiruka kwenye makorongo, na wanawake wenzake wakamshangilia. Alipomkagua jioni walipofika Mbalibali, matako ya mtoto yalikuwa laini na makavu. Robi alijisifu peke yake, kwa sauti kabisa.

Mbalibali alifikia siku zote kwa Bernadetha, mama wa makamo ambaye mji wake uko karibu na uwanja wa mnada. Mumewe, Mzee Wangwe, alikuwa mfugaji mwenye maneno machache na ng'ombe wengi. Walimpa Robi chumba, naye kila safari aliwaachia chombo, hata ikawa jikoni kwa Bernadetha pana rangi nyingi kuliko kanisani.

"Shikamoo, tata," alimsalimu mzee kama anavyomsalimu baba yake.

"Marahaba. Huyu ndiye uliyekuwa umembeba tumboni? Mbona mkubwa hivi?"

Shida ya Mbalibali wakati ule ilikuwa maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza, kisima kilikuwa mbali na punda wa Bernadetha alikwenda asubuhi akarudi mchana. Bernadetha hakumnyima mgeni maji, alimpa ndoo nzima huku akisema "tumia, mwanangu, tumia." Lakini Robi aliona aibu. Mtu anayekupa maji ya punda wake huyamwagi kama uko mtoni. Kwa hiyo asubuhi ya mnada nepi zenye choo alizifua kwa sabuni, zikatakata. Zile za mkojo tu alizisuuza mara moja, akakamua, akasema jua litamalizia.

Kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa nguo za wenyeji. Robi akaangaza macho, akaona boma la ng'ombe, tupu, ng'ombe wameshakwenda malishoni, na miti yake imepangwa vizuri inapigwa jua na upepo. Akazianika nepi zake zote nene pale, moja moja, kwa mpangilio ule ule wa mabeseni. Zilipendeza. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda mnadani.

Na mnada ulimkubali siku ile. Watu walinunua vyombo kama vile nyumba zao zote zimeungua. Mama mmoja alichagua beseni jekundu, akafika nalo mbali, akarudi mbio kuuliza kama si lile alilomwona Robi akifulia asubuhi. Robi akamwonyesha ukingo mzima usiokatwa, na mama yule akaona haya akanunua na jagi. Brayan alilala, akaamka, akanyonya, akachezea vifuniko. Robi aliuza mpaka akasahau saa. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshuka karibu na vilima, na la kwanza lililomjia akilini lilikuwa sauti ya Gati: nepi hailali nje.

Alikimbia. Mtoto mgongoni alidhani ni mchezo, akacheka njia nzima. Robi alikata uwanja, akapita nyuma ya jiko, akafika bomani jua bado lipo, akashukuru Mungu. Kisha akaona kwamba ng'ombe walishamtangulia.

Miti ilikuwa mitupu. Ndani ya boma alisimama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ametulia, anatafuna, na pembe ya nepi inaning'inia mdomoni mwake kama ulimi wa pili. Wenzake wawili walikuwa wanamalizia.

"Tata!" Robi alipiga kelele. "Tata, njoo!"

Mzee Wangwe alikuja na fimbo yake. "Nini?"

"Amekula nepi."

"Nani?"

"Ng'ombe wako, tata. Nepi za mtoto."

Mzee aliwatazama ng'ombe, akamtazama Robi, akafikiri. "Zilikuwa safi au chafu?"

"Safi," Robi alisema, na kwa kuwa alilelewa kutowadanganya wazee akaongeza, "kiasi."

Mzee aliingia bomani, akakamata ile pembe ya nepi akavuta. Ng'ombe naye akavuta kwake. Walivutana hivyo, wote wawili wakiwa na heshima zao, mpaka kitambaa kikatoka kirefu, kimetafunwa, kimelowa mate ya kijani, hakifai hata kufutia jembe. Nyingine hazikuonekana tena. Zilikuwa zimekwenda mahali ambapo vitu vya ng'ombe huenda.

Robi aliona aibu mpaka masikioni. Kama angekuwa mwalimu aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, asiyemjua ng'ombe ila kwenye bakuli la supu, ungemsamehe. Lakini yeye alizaliwa katika mji wenye boma, alimwona ng'ombe akila shati la baba yake lenye jasho, alijua kwamba ng'ombe wa kiangazi hutafuta chumvi popote ilipo. Na mkojo wa mtoto uliosuuzwa mara moja ni chumvi tupu. Aliwaandalia mwenyewe, kwa mpangilio.

"Watakufa?" aliuliza.

"Tutaona," alisema Mzee Wangwe, akavuta kigoda, akakaa mbele ya boma. Ng'ombe walicheua kwa raha zao. Hakuna aliyekufa, si jioni ile wala baadaye, na kesho yake mzee alisema tu kwamba ng'ombe wake sasa wana mashuka tumboni, baridi ya Juni haitawapata.

Lakini Robi hakuwaza ng'ombe. Aliwaza mapaja ya Gati, na Brayan akifunguliwa juu yake.

Zilimbakia zile nyembamba za akiba, nazo zililowa zote kabla ya saa nne asubuhi ya pili. Robi alikuwa bado na mzigo wa kumalizia barabarani, na asubuhi iliyofuata Jackson angewachukua kwenda mnada mwingine wa mbele. Akafanya alichoweza. Alikuwa na kitenge kipya alichojinunulia mnadani, kizuri, cha bluu na manjano, bado kina harufu ya dukani. Akakikata vipande bila kukihurumia. Kosa halikuwa kukikata, kosa lilikuwa kutokukifua kwanza, na kitenge kipya kina ule ugumu wake wa kiwandani kama karatasi. Maji ya kukifulia aliona aibu kuyaomba. Brayan alikaa ndani ya ugumu ule kutwa nzima, na jioni, Robi alipofungua, aliuona wekundu. Ulikuwa kwenye mkunjo wa paja la kulia, mdogo, lakini ulikuwa ni ule ule.

Robi aliketi chini. Alijiona kabisa akishuka Kerende, akimkabidhi mtoto, akiondoka na mzigo wa mabeseni, mgongo mtupu.

Bernadetha alimkuta hapo. Aliangalia, akasikiliza habari yote ya mama mkwe na sharti lake, akauliza swali moja tu. "Kwa nini hukuniomba maji?"

"Niliona haya, mama."

"Haya yako yamemchubua mtoto," alisema Bernadetha. Hakulisema kwa ukali, na pengine ndiyo maana lilimwingia Robi.

Asubuhi Jackson alipiga honi. Robi alitoka mikono mitupu.

"Nendeni. Mimi nabaki."

"Unabaki? Na mnada? Mama Mabeseni, wateja wako watachukuliwa!"

"Wachukuliwe. Unipitie mkirudi."

Jackson alimtazama kana kwamba amesikia mnada wenyewe umefutwa. Pikapu ikaondoka, na Robi aliyeumbwa kwa ajili ya kwenda akasimama akaiangalia mpaka vumbi likaisha. Ilimuuma, asikwambie mtu. Kisha akarudi ndani kwa mwanawe.

Bernadetha alitandika mkeka kivulini, pembeni mwa ghala, akaleta samli kwenye kibuyu. Wakamwosha Brayan kwa maji ya vuguvugu, maji ya kutosha, wakampaka, wakamwacha uchi kama alivyozaliwa. Robi alipata wasiwasi wa mkeka. "Mkeka unaoshwa," alisema Bernadetha, na Brayan akaulowesha mara moja ili jambo hilo lisiwe na mashaka. Siku nzima alijiviringisha, akapiga mateke, akapigwa na upepo pale palipokuwa panamuuma. Mzee Wangwe aliporudi alikaa naye, akampa ncha ya fimbo aitafune. Mtoto alikuwa ameanza siku zile kutoa sauti za watoto, "ma-ma-ma", akimwambia mzee, akimwambia kuku, akiuambia mkeka. Robi alichambua dengu na Bernadetha, hana la kuuza, hana pa kukimbilia, na alishangaa kujikuta amefurahi. Hakukumbuka lini alimtazama mwanawe kutwa nzima bila kumtafutia mteja pembeni.

Walipopitiwa kesho yake wekundu ulikuwa umefifia sana, ila haukuisha. Nepi zile nyembamba, safari hii zimefuliwa na kusuuzwa mpaka maji yakawa meupe, zilimfikisha Brayan Kerende kwa kubadilishwa kila mara, na pikapu nzima ilijua habari ya ng'ombe kabla hawajafika mtoni. Jackson alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo.

Gati alikuwa kwenye kigoda chake. Alipokea shikamoo, akanyoosha mikono. Robi alimpa mtoto, akabaki amesimama.

Gati akamlaza mapajani. Akafungua. Akamgeuza, akaangalia matako, masafi. Akamgeuza tena, akafungua mkunjo wa paja la kulia kwa kidole gumba, akakiacha hapo.

Robi angeweza kusema ni joto. Angeweza kusema ni mbu, na nani angebisha? Alikuwa amejifunza maneno hayo njiani, ameyapanga kama vyombo. Lakini alipoona kile kidole kikavu kimetulia juu ya ngozi ya mtoto, maneno yale yakampotea.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilisuuza mara moja kwa kuona haya maji ya watu. Nikaanika bomani. Ng'ombe wakala nepi zote nene. Nikamfunga kitenge kipya bila kukifua. Ndiyo hivyo."

"Ng'ombe wamekula nepi?"

"Ndiyo."

"Binti wa wafugaji, ukaanika nepi kwenye boma la ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

Gati aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Robi alidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho Robi hakuwahi kukisikia kwake, chembamba kama cha msichana, mpaka machozi yakamtoka na Brayan naye akacheka kwa kumfuata. Alipomaliza alijifuta, akamrudishia Robi mtoto, akaingia ndani. Alitoka amebeba kitu kimefungwa kwenye khanga, akakiweka mapajani mwa Robi.

Zilikuwa nepi, mpya, nyingi. Robi alijua zimeshonwa kwa ajili ya mtoto atakayebaki, na kwamba kicheko hakikubadilisha neno. Akachukua moja, na kwa mazoea ya mikono akaibonyeza kati ya vidole. Ilikuwa nene.

Akaigeuza. Upande mmoja ulikuwa kitambaa cha fulana kilichopindwa kwa uzi mweupe, nepi ya nyumbani iliyokamilika yenyewe. Upande wa pili ulikuwa kitambaa kingine, cheupe, kilichoongezwa juu yake baadaye kwa uzi mweusi. Robi alikifahamu. Kilikuwa shuka la Gati la kitandani, lile jipya aliloletewa na Machage sikukuu, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia.

"Nilishona za kukaa naye," alisema Gati. Alirudi kwenye kigoda, akamtazama mjukuu asimtazame Robi. "Nilimtaka. Mkiondoka hapa panakuwa kimya mpaka nasikia ulezi ukikauka. Nikashona, nikamaliza. Halafu Machage akaingia akaniita."

Robi aliikunjua nepi mapajani.

"Alipokuwa mdogo hivi, mama mkwe wangu aliniambia nimwache kwake, mimi niende kuchuma kahawa kule milimani. Nikamwacha. Niliporudi nisiondoke tena, aliyeitwa mama alikuwa bibi yake. Mimi aliniita Gati, kama alivyomsikia bibi akiniita. Nikasema akikua ataacha." Alikung'uta kitu kisichokuwepo kwenye nguo yake. "Kwa hiyo nikakata shuka, nikaziongeza, zikawa za safari. Hizo usizianike bomani."

Robi alimpenda yule mwanamke mkavu kuliko alivyowahi kumpenda, na hakujua pa kuyaweka mapenzi yale. Kwa hiyo alimlaza Brayan, akachukua nepi ya juu kabisa, akaanza kumfunga, polepole, pini mdomoni.

Wakati huo Machage akaingia uani kutoka kibaruani, vumbi mpaka kwenye kope, akavua viatu mlangoni kama kila siku.

"Gati," aliita, "kuna chakula?"

"Kipo, mura," alisema Gati.

Siku hiyo Robi hakucheka. Alimaliza kufunga pini, akamwinua Brayan, na mtoto, akiwa mkavu na ameshiba, akaanza tena maneno yake, "ma-ma-ma", akiyaambia mabeseni. Robi akamgeuza taratibu, akamwelekeza kwenye kigoda, mpaka akawa anamwambia bibi yake.